Mbu Hufuata Pumzi

Swali lilikuja kwa simu, saa tatu usiku, bila kuzunguka. Mama mdogo alitaka kujua kama kuua wadudu kwa umeme ni dhambi. Yeye anakaa Ujiji, mimi nakaa Mwanga, na hiace kati yetu ni safari fupi, lakini kuna maswali ambayo mama mdogo hawezi kuyalaza. Mkwewe alikuwa amemletea kutoka Dar es Salaam ile taa ya kuua wadudu, yenye mwanga wa zambarau na vyuma vyembamba kama tundu la ndege. Akaitundika chumbani. Usiku wa kwanza alilala akiisikiliza ikilia. Asubuhi jirani mmoja, mama mwenye elimu yake ya madrasa, akamwambia kwamba anachoma viumbe wa Mungu, na kwamba moto ni adhabu ya Mwenyezi Mungu peke yake.

"Wewe si umesoma," aliniambia. "Nitafutie."

Mimi nilisomea uhasibu. Lakini katika ukoo wetu aliyefika chuo kikuu anatarajiwa kujua kila kitu, kuanzia fomu za bima ya afya hadi hukumu ya nondo. Nikatafuta.

Jirani hakuzua. Kuna hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Daud inayokataza kuadhibu kwa moto, kwa kuwa hilo ni la Mola wa moto peke yake. Na kuna nyingine, katika Bukhari na Muslim, inayomhusu nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi, akaamuru makazi yao yote yateketezwe, naye akalaumiwa na Mungu: aliyemuuma ni mmoja, na yeye ameangamiza umma mzima uliokuwa ukimtukuza Mola wake. Baadaye nikakuta kwamba swali la mama mdogo lilishaulizwa, tena karibu kwa maneno yaleyale, kwa Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, mwanachuoni wa Saudi Arabia aliyefariki mwaka 2001. Alijibu kwamba taa hizo zinafaa. Umeme, alisema, haumchomi mdudu bali humuua kwa mshtuko. Ukiweka karatasi kwenye vile vyuma haishiki moto. Na anayeitundika taa hakusudii kutesa, anaondoa madhara.

Nilimpigia mama mdogo nikamweleza habari ya karatasi. Akaridhika pale pale, na nadhani siku ileile jirani alipelekewa jibu. Aliyebaki na swali ni mimi. Kadiri nilivyozirudia zile hadithi mbili, ndivyo nilivyoona kwamba haziulizi kitu kimoja. Ya kwanza inauliza unaua kwa chombo gani, na hilo sheikh amelijibu vizuri. Ya sisimizi inauliza unamuua nani. Karatasi haiwezi kulijibu hilo.

Nani basi anayekufa kwenye taa ya zambarau?

Majira ya joto ya mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Delaware huko Marekani, Timothy Frick na Douglas Tallamy, walikusanya mizoga kutoka taa sita zilizotundikwa kwenye nyua za watu. Walipata wadudu 13,789. Wanaouma watu, yaani mbu na jamaa zao, walikuwa 31. Ndiyo, thelathini na mmoja. Wadudu wawindaji na wale wanaoishi kwa kula wadudu wengine, ambao mkulima angewalipa mshahara kama wangekuwa na akaunti, walikuwa 1,868. Waliobaki wengi walikuwa raia tu: hawaumi mtu, hawaharibu kitu.

Sababu yake si siri. Mbu jike anayetafuta damu hafuati taa, anafuata pumzi. Hunusa ile hewa ukaa tunayoitoa tukipumua, kisha akikaribia huongozwa na joto la mwili na harufu ya ngozi. Ni kweli kwamba watafiti wa malaria nao wana mitego yenye taa ndogo, na mtu anaweza kunikatiza kwa hilo. Lakini mitego hiyo huitundika kando ya kitanda ambacho mtu amelala, ndani ya chandarua. Chambo ni yule mtu. Taa ni msaidizi wake.

Jumamosi nilikwenda Ujiji. Taa ilikuwa ukutani mwa chumba, na kitandani hulala mjukuu wa mama mdogo, mtoto wa mwaka mmoja na miezi, aliyeachwa kwa bibi yake wakati mama yake anatafuta maisha Dar. Nilichomoa kile kisahani cha chini nikamimina kilichokuwamo kwenye gazeti. Mbawa za nondo, nyingi, kama majivu. Mbawakawa wadogo weusi. Panzi mmoja wa kijani, mzima kabisa kwa sura. Nyigu mwembamba wa ile aina inayotaga mayai ndani ya viwavi. Na vijidudu vyembamba vyenye miguu mirefu, ambavyo mama mdogo alivinyooshea kidole kwa ushindi: "Hao mbu si hao?"

Nilivipiga picha na kuivuta. Mbu ana mdomo mrefu wa kunyonyea, hata dume asiyeuma anao. Hawa hawakuwa nao. Ni wale jamaa wa mbu wanaozaliwa majini na kuruka kwa makundi jioni, hawana habari na damu ya mtu. Tunakaa kando ya ziwa, tunao wengi. Walikufa kwa kufanana na mtu mwingine. Mbu wa kweli labda walikuwemo pia, sikatai, lakini ilibidi kuwatafuta.

Juu ya kabati nikakiona chandarua, kimekunjwa vizuri. Joto, alisema mama mdogo. Na tena, taa si ipo?

Hapo swali la dhambi lilihamia mahali pengine. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliuweka mkoa wetu wa Kigoma juu ya mikoa yote: karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano alikutwa na vimelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000, karibu wote Afrika, na wengi wao watoto wa umri wa huyu aliyekuwa akitambaa sakafuni akitaka kula nondo. Chumba kile kilikuwa na vitu viwili vinavyotoa ishara kwa mbu, taa na mtoto anayepumua. Mbu wa malaria angechagua mtoto. Wakati huohuo taa ingekuwa inalia usiku kucha, inaua, na kila mlio ungemwambia bibi alale, kazi inafanyika.

Tulikitundika chandarua kabla ya chai. Palikuwa na mabishano, sitayaandika yote. Kitanda kilisogezwa dirishani, feni ikahamishwa kutoka sebuleni, na taa ikahamia barazani.

Ndiyo, barazani. Haikuzimwa. Na hiki ndicho kilichonifanya niandike, kwa sababu baada ya kukubaliana kwamba taa haimlindi mtoto, mama mdogo aliendelea kuiwasha, na uniti za LUKU anazinunua mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka. "Naipenda inavyolia."

Si yeye peke yake. Pale Mwanga kuna mabanda ya chipsi yaliyoitundika juu ya meza za wateja, na nimeona watu wazima wakinyamaza katikati ya maongezi kusikiliza mdudu mkubwa anavyokaangika, halafu mmoja anasema "huyo!" na wengine wanacheka. (Kwa afya zao, bora isingekuwa juu ya sahani. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Kansas State na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba nzi akipasuka kwenye vyuma vile hurusha bakteria na virusi hewani.) Ule mlio una raha yake, nami nimeisikia raha hiyo kifuani mwangu. Ni raha ya mtu aliyelipiziwa kisasi. Umeumwa maisha yako yote, umeuguza na kuuguzwa, umezika, na sasa kuna kitu ukutani kinachosema, kila baada ya dakika, kwamba mmoja wao amelipa. Ukweli kwamba aliyelipa si mmoja wao hausikiki katika mlio.

Raha hii tunaijua mahali pengine. Mtu akipiga kelele ya mwizi sokoni, atakayepigwa ni yule aliyekuwa anakimbia, na watu hukimbia kwa sababu nyingi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zinawataja, mwaka baada ya mwaka, waliouawa na wale ambao magazeti yetu huwaita wananchi wenye hasira kali. Katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili mojawapo iliyotumika ni macho mekundu, ambayo mwanamke huyapata kwa kupikia kuni miaka hamsini. Lugha yetu ina neno moja, mwanga, kwa nuru na kwa mchawi wa usiku. Mtaa ninaokaa una jina hilo na nimeshatania vya kutosha, lakini safari hii halikuwa jambo la utani. Sisemi nondo ni sawa na bibi kizee. Yeyote atakayesoma hivyo ananionea. Ninasema raha ni ileile, na kwamba raha hiyo hulishwa na mlio, haihitaji ushahidi.

Kuna atakayesema nondo kajitakia, aliifuata taa mwenyewe. Washairi wamemsingizia hivyo kwa karne nyingi: anaupenda moto, moto unamla, na wapenzi wajifunze. Januari 2024 kundi la watafiti wakiwamo wa Imperial College London walichapisha kwenye jarida la Nature Communications walichokiona kwa kamera za kasi. Mdudu anayeruka karibu na taa haendi kwenye taa. Anaigeuzia mgongo. Kwa mamilioni ya miaka usiku ulikuwa na upande mmoja wenye nuru zaidi, nao ulikuwa juu, angani, hivyo mdudu aliyejua kuuweka mgongo wake upande wa nuru alijua juu ni wapi na chini ni wapi. Ukiweka taa pembeni yake, anageuza mgongo, anapinda, anazidi kupinda, anazunguka asiweze kutoka. Inaonekana kama mapenzi. Kumbe maskini anajaribu kuruka wima.

Hilo lilinigusa kuliko idadi zote. Tamaa ya mtu inaweza kuwa na lawama yake. Anayekula chambo kwa uroho angalau alikuwa na hamu. Lakini taa inamnasa mdudu kwa kile anachokitegemea ili asianguke.

Kisa cha kale kabisa ninachokijua cha taa na wadudu katika ziwa hili ni cha mwaka 1858. John Hanning Speke, ofisa wa Kiingereza aliyefika Ujiji na mwenzake Richard Burton mwezi Februari mwaka huo, alivuka ziwa mwezi Machi kwenda kutafuta jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu ng'ambo. Usiku mmoja, wakiwa kisiwani, dhoruba ililitikisa hema lake. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake upya. Hema lote likajaa mbawakawa wadogo weusi. Alishindwa kuwafukuza, akazima mshumaa, akajilaza huku wakimtambaa mwilini, na mmoja akaingia sikioni na kuanza kuchimba. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa. Haikusaidia. Akachukua kisu kidogo cha mfukoni na kukisukuma ndani. Mbawakawa akafa, lakini na sikio likaumia: uso ukavimba, akashindwa kutafuna, akawa karibu kiziwi wa sikio lile, na vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka na nta kwa miezi mingi baadaye.

Kisa hiki husimuliwa kama mateso ya msafiri katika nchi ya wadudu wabaya. Mimi nikikisoma naona mshumaa. Mbawakawa wale walikuwa na mahali pao pa kukaa usiku ule, mpaka nuru ilipowaita. Na kile kisu ndicho kilichodhuru sikio kwa kudumu.

Sasa pingamizi kubwa, ambalo mtu wa Kigoma hawezi kulikwepa. Sisi ni akina nani wa kulaumu kunasa kwa taa? Mji huu umelishwa na taa. Usiku usio na mwezi, simama Katonga au Bangwe utazame ziwani: utadhani kuna mji mwingine kule, una barabara na maduka. Ni taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Nuru huwakusanya vijidudu vya majini, dagaa huja, migebuka huwafuata dagaa, na wavu unainuliwa. Ada yangu ya shule ilitoka katika hila hiyo. Na mvua za kwanza zikinyesha, watoto huweka beseni la maji chini ya balbu, kumbikumbi huanguka humo, wanapukutisha mbawa na kukaangwa kwa chumvi. Nami hula, na nikialikwa hupunguza unafiki na kuongeza mkono.

Kwa hiyo siwezi kusema kunasa kwa nuru ni uovu. Ninachoweza ni kutazama kinachofanyika baada ya kunasa. Mvuvi huvuta wavu akatazama kilichomo, kwa sababu ataishi nacho: kula, kuanika, kuuza, kulipa mafuta na vijana wake. Hesabu ya alichoua anaijua kwa kilo. Na alipokuwa anaua kupita kiasi, ilionekana, kwa kuwa wavu ulirudi mwepesi. Ndiyo maana kulikuwa na kitu cha kujadili wakati nchi nne zinazolizunguka ziwa zilipokubaliana kulipumzisha, na Tanzania ikafunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ilikuwa miezi migumu, bei ya samaki ilipanda na watu walilalamika kwa haki. Lakini ulikuwa mjadala kuhusu walioangamizwa: ni wangapi, wa umri gani, nani alipe. Taa ya barazani hailetwi kwenye mjadala wowote. Kisahani chake kinamiminwa jalalani na msichana wa kazi, kabla mwenye nyumba hajaamka.

Nilimweleza haya mzee mmoja pale Kibirizi, mvuvi mstaafu, tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Shikamoo, marahaba, habari za kufungwa kwa ziwa, kisha nikafika kwenye nondo. Alinisikiliza kwa adabu kubwa. "Mwanangu," akasema mwishoni, "mimi nikizima taa yangu watu wanalala njaa. Ninyi mkizima hizo zenu, nani anakosa nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba watu wangekosa mlio. Nikaona aibu.

Halafu kuna chandarua, ambacho nimekisifu na sasa lazima nikitendee haki yake yote. Mwaka 2014 jarida la Malaria Journal lilichapisha utafiti kutoka vijiji vya ziwa letu upande wa Kongo, ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya kaya zilivulia samaki kwa vyandarua vya msaada. Upande wetu tunajua tunachokijua. Chandarua kikiburutwa majini hakina mchujo: matundu yale yanazoa hata vifaranga vya samaki ambavyo havijafikia kuitwa kitu. Kikitundikwa juu ya kitanda, kitambaa kilekile kinakuwa chombo chenye uchaguzi kuliko chochote tunachomiliki. Dawa iliyomo inamuua mdudu, ndiyo, sijifichi. Lakini inamuua aliyekuja kukugusa, aliyekunusa kutoka mbali, akavuka giza lote na kutua hapo kwa ajili ya damu yako. Nondo anayepita na safari zake hana sababu ya kuugusa. Ukiniuliza ni wapi haki na kinga ya mtoto vimewahi kulala mahali pamoja, nitakuonyesha kitanda kile cha Ujiji.

Albert Schweitzer, yule daktari aliyeanzisha hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, aliandika katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1923 kwamba mtu anayeheshimu uhai, akifanya kazi usiku kwa taa, ataona heri afunge dirisha na kuvuta hewa nzito kuliko kuona mdudu baada ya mdudu akianguka mezani mwake na mbawa zilizoungua. Wenzangu wengi huliona wazo hilo kuwa deko. Mimi naona kwamba ni ghali tu: afunge dirisha nani, kwa joto la Kigoma la mwezi Septemba? Lakini huyuhuyu Schweitzer alikuwa anatibu malale, na hakuacha kuua vimelea vyake. Aliifurahia dawa mpya, ila aliandika kwamba akivitazama kwenye hadubini hukumbuka kwamba ametoa uhai mmoja kafara ili kuuokoa mwingine. Kumbukumbu hiyo ndiyo ninayoitaka. Haimzuii mtu kuua. Inamlazimu kutazama anachokiua.

Nitakwenda mbali zaidi ili nisidhaniwe kwamba nina huruma ya bei rahisi. Mradi wa Target Malaria, ambao umekuwa ukifanya kazi Uganda pia, unachunguza njia ya kubadilisha vinasaba vya mbu aina ya Anopheles ili idadi yao ishuke, pengine mpaka kizazi kikatike mahali fulani. Watu wengi hushtuka wakisikia: kufuta kiumbe! Mimi, nikipewa maelezo ya kutosha na watu wa hapa wakiulizwa kwanza, nadhani ningesaini. Ningesaini kwa mkono mzito, nikijua jina la ninayemtia hatiani, makosa yake na idadi ya makaburi. Na siku hiyohiyo ningeendelea kusema kwamba taa ya barazani izimwe. Sioni mgongano. Hukumu kubwa iliyochunguzwa inanitisha kidogo kuliko vifo vidogo vya kila usiku ambavyo hakuna aliyeviamua.

Kuhusu maumivu, wanasayansi wanaendelea kubishana kama mdudu huyasikia kwa namna yoyote inayofanana na yetu. Sikutaka hoja yangu isimame hapo. Hata kama nondo hasikii chochote, mimi nasikia, na nimeshaeleza ninachosikia ule mlio unapotoka.

Kwangu nina raketi, ile ya kuchaji, inayouzwa barabarani pamoja na miswaki na vitana. Inaua kwa umeme uleule na ina mlio uleule, na watoto wa jirani wakiikuta huigeuza tenisi mpaka niwanyang'anye. Ila haifanyi kazi bila mimi. Lazima niamke, niwashe taa ya chumba, nimtafute yule aliyekuwa anaimba sikioni, kwa kawaida ameshashiba na ametua ukutani juu kidogo ya mto, tumbo jekundu, mzito wa kuruka. Namtazama kwanza kama ni mbu. Mara nyingine ni kale kajidudu ka ziwani, nakaacha. Akiwa mbu nampiga. Betri yake haifiki wiki, na umeme ukikatika siku mbili inakuwa chuma tu, kwa hiyo silali nje ya chandarua kwa kuitegemea.